Mgeni wa anga aliyetua kwenye bwawa la kijiji

FILAMU ya Kihindi ya PK ilitimiza miaka 10 Desemba 2024, na hapa Morogoro bado haijastaafu. Nenda kwa wauza muvi wa Msamvu ukaitaje. Kijana hatakuuliza ni filamu gani hiyo. Atakuuliza unataka ya lugha yenyewe au iliyotafsiriwa, na kama umekuja na flashi.

Kisa chake kinajulikana. Mgeni kutoka sayari nyingine anashuka katika jangwa la Rajasthan akiwa hana hata uzi mwilini. Shingoni amevaa kidude kinachong'aa, na bila kidude hicho chombo chake hakiwezi kurudi kumchukua. Binadamu wa kwanza anayekutana naye anakikwapua, anadandia treni na kutokomea. Mgeni anabaki kwenye reli na redio kaseti ya yule mwizi mkononi, halafu anaanza kuzunguka India kutafuta mali yake. Kila anayemuuliza anamjibu kwamba hilo analijua Mungu. Kwa kuwa kwao watu hawasemi kwa mafumbo, anayachukua maneno hayo kama yalivyo na kuanza kumtafuta Mungu mwenyewe, hekaluni, kanisani na msikitini, akiwa na dai la kuibiwa.

Aamir Khan aliyecheza nafasi hiyo alisifiwa na kushambuliwa kwa pamoja. Kabla filamu haijatoka, kulikuwa na watu waliokwenda hadi Mahakama ya Juu ya India kutaka izuiwe kwa sababu ya bango lililomwonyesha akiwa amejisitiri kwa redio tu. Mahakama ikakataa. Ilipotoka tarehe 19 Desemba 2014, vikundi vya Wahindu wenye msimamo mkali viliandamana vikidai dini yao imedhihakiwa. Ikaendelea kuuza mpaka ikawa filamu ya Kihindi iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote zilizoitangulia.

Mashabiki wengi wa huku wanaamini Wahindi waliokota wazo hilo kwa Wamarekani, kwenye E.T. ya Steven Spielberg. Ukweli ni kwamba kabla mgeni huyo hajafika Marekani alikuwa ameshatua kijijini, Bengal, kwenye bwawa la maua ya yungiyungi. Safari yake kutoka hapo ina mtu mmoja mkubwa wa sinema, mzamiaji mmoja mwenye maneno mengi, na karatasi ambazo hazikuwekwa sawa mapema.

Mwalimu aliyechekwa

Mtu huyo mkubwa ni Satyajit Ray, mzaliwa wa Calcutta, mji ambao leo unaitwa Kolkata, mwaka 1921. Dunia ilimfahamu kwa Pather Panchali ya mwaka 1955, filamu ya familia maskini ya kijijini aliyoitengeneza kwa kuungaunga fedha. Nyumbani kwao alijulikana kwa kazi nyingine pia. Babu yake, Upendrakishore, alianzisha jarida la watoto liitwalo Sandesh mwaka 1913. Lilikufa, na Ray akalifufua mwaka 1961, akawa analiandikia hadithi na kulichorea picha mwenyewe.

Mwaka 1962 aliandika humo kisa cha Bankubabu, mwalimu wa shule ya msingi, mpole kupita kiasi. Wanafunzi wanamfanyia vituko. Jioni akienda barazani, watu wazima wenzake wanamfanya kichekesho chao, wanamtilia vitu kwenye chai na kumtungia majina. Usiku mmoja, akipita kwenye kichaka cha mianzi kurudi kwake, anakuta chombo kimetua na ndani yake yumo kiumbe anayejitambulisha kwa jina la Ang. Amepotea njia. Alikuwa anakwenda Pluto.

Ang hana silaha wala hamdhuru mtu. Anampa mwalimu kifaa kama bomba lenye kioo, na kupitia humo Bankubabu, ambaye hajawahi kutoka mkoani kwake, anaiona barafu ya ncha ya kaskazini ya dunia. Kabla hajaondoka, mgeni anamwambia wazi kwamba upole wake umezidi. Mwalimu anarudi barazani, anasimama mbele ya watani wake, anawapasha mmoja baada ya mwingine, kisha anajiondokea. Hadithi inaishia hapo. Ukiisoma unaona mgeni wa anga aliletwa kwa kazi moja tu: kumfanya mtu wa kijijini ajione.

Mnara ndani ya bwawa

Miaka michache baadaye Ray akataka kuitoa mbegu hiyo kwenye filamu kubwa ya rangi. Alikuwa akiandikiana na Arthur C. Clarke, mwandishi Mwingereza wa hadithi za sayansi aliyehamia Ceylon, Sri Lanka ya leo. Mwaka 1966 alipokuwa London alipata nafasi ya kumtembelea Stanley Kubrick akiwa kazini kwenye 2001: A Space Odyssey, na Clarke akapendezwa na wazo lake. Clarke akamweleza mshirika wake wa kuzamia baharini, Mike Wilson.

Muswada uliandikwa Calcutta mapema mwaka 1967. Ray aliuita The Alien. Katika kijiji cha Mangalpur chombo kinaanguka bwawani usiku. Asubuhi ncha yake ya dhahabu imechomoza katikati ya maua. Wanakijiji wanaamua kwamba hilo ni hekalu lililozama zamani ambalo sasa limeibuka, na ibada inaanza mara moja. Tajiri mmoja anaona fursa na kutaka kulijengea sakafu ya marumaru. Mhandisi wa Kimarekani anayechimba visima jirani anaona tatizo. Wakati wakubwa hao wanavutana, mgeni mwenyewe, mdogo wa umbo, kichwa kikubwa na viungo vyembamba kama vijiti, anatembea usiku akichunguza mimea na wadudu. Anamwingia ndotoni mtoto maskini aitwaye Haba na kucheza naye. Shamba la mpunga linaiva kwa usiku mmoja. Mwembe unazaa nje ya msimu. Maiti anafumbua macho akiwa juu ya kuni za kuchomewa. Mgeni hana nia mbaya. Anajaribu vitu tu, kama mtoto aliyeingia dukani bila mzazi.

Sisi wa Uluguru tukisoma habari ya Mangalpur hatuhitaji kuelezwa sana. Huko Kolero, Morogoro Vijijini, wazee wamesimulia vizazi kwa vizazi habari za Kolelo, mwenye umbo la nyoka mkubwa, aliyefanya makao pangoni na kusema na watu kupitia wahudumu maalumu. Watu walipanda milima hii wakitokea mpaka Uzaramo kuja kuomba mvua, na mwaka 1905 jina lake lilitembea pamoja na habari za Maji Maji. Kijiji kinapokutana na asiye binadamu hakimwiti mgeni wa sayari nyingine. Kinampa nafasi kati ya vitu vitakatifu ambavyo tayari kinavijua, halafu anatokea mjanja wa kukusanya sadaka. Ray alilielewa hilo kabla ya Hollywood kwa sababu alilianza kijijini.

"Mbia" na karatasi zake

Hapa ndipo mambo yalipoharibika. Kwa sehemu hii nategemea maelezo ya Ray mwenyewe, aliyoyachapisha katika gazeti la The Statesman la Calcutta mwaka 1980, na kitabu cha Andrew Robinson kuhusu maisha yake. Msomaji ajue kwamba anasikia zaidi upande mmoja.

Mike Wilson hakuwa mtu wa hivi hivi. Ndiye aliyeongoza Ran Muthu Duwa ya mwaka 1962, filamu ya kwanza ya rangi kwa lugha ya Kisinhala. Alikuwa mzamiaji hodari, mcheshi, mwenye kujua kuingia mahali asipoalikwa. Alifika Calcutta kama mtu wa kusaidia, akakaa karibu na Ray wakati muswada unaandikwa. Ray anasema mchango wake katika maandishi ulikuwa mdogo mno. Alichokiweza Wilson ni milango. Akampeleka Ray Paris kuonana na Peter Sellers, mchekeshaji mkubwa wa Uingereza wa wakati ule, ambaye alikubali kucheza yule tajiri wa hekalu. Kampuni ya Columbia Pictures ikaonyesha nia. Katikati ya mwaka 1967 Ray akaitwa Hollywood.

Alipofika alikuta mambo mawili ambayo hakuyategemea. La kwanza, muswada wake ulikuwa umerudufiwa na nakala zinazunguka mikononi mwa watu asiowajua. La pili lilikuwa kwenye jalada: haki za muswada ule zilikuwa za watu wawili, Mike Wilson na Satyajit Ray, na jina la Wilson limetangulia.

Ray alikuwa mtu mwenye staha, na staha ilimponza. Hakugomba. Aliendelea na mikutano. Akamtembelea Sellers akiwa anaigiza Mhindi wa kuchekesha katika The Party, na hakuipenda alivyoiona. Wakati wa kuondoka, Wilson akamletea asaini karatasi za kuthibitisha kwamba wao ni wabia. Ray akakataa. Baadaye mwaka huohuo huko London, mtu wa Columbia akamuuliza kama alipata zile dola 10,000 zilizotangulizwa kwa ajili ya muswada. Ray hakuwa ameona hata senti. Fedha zilipita kwa Wilson.

Columbia walikuwa tayari kuendelea, kwa sharti kwamba Wilson atoke. Wilson hakutoka. Sellers naye akajiengua, akisema sehemu yake haijakamilika. Yakatajwa majina ya Marlon Brando na James Coburn, lakini mradi ukakauka. Kisha Ray akapata barua kutoka kwa Clarke: Wilson amenyoa kichwa na kwenda kukaa msituni kutafakari. Aliyekuwa akitembea Hollywood kwa gari la kifahari akawa mtawa, akachukua jina la Swami Siva Kalki. Hatimaye alimwandikia Ray kwamba ameachia madai yake. Wakati huo hakukuwa na cha kuachia.

Mimi simwoni Wilson kama shetani wa kisa hiki. Watu wa aina yake wapo katika kila kazi ya sanaa, na bila wao milango mingine haifunguki. Kosa liko kabla ya Hollywood, siku ile yeye na Ray walipokaa Calcutta, mmoja anaandika na mwingine anasifia, na hakuna aliyesema: tuandikiane kwanza nani mwenye nini.

E.T. yafika

Juni 1982 E.T. ikatoka Marekani. Kiumbe mdogo, kichwa kikubwa, viungo vyembamba, ameachwa na chombo chake. Anafanya urafiki na mtoto. Anafufua maua yaliyonyauka. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 10.5, ikawa filamu yenye mapato makubwa kuliko zote duniani na kukaa na rekodi hiyo mpaka Jurassic Park ya mwaka 1993, ambayo pia ni ya Spielberg.

Ray alisema hadharani kwamba filamu ile isingewezekana bila nakala za muswada wake kuzagaa Marekani. Clarke naye aliona mfanano. Jibu la Spielberg lililoripotiwa ni kwamba wakati muswada huo ukizunguka Hollywood yeye alikuwa bado sekondari. Hesabu hazimsaidii sana: alizaliwa Desemba 1946, kwa hiyo mwaka 1967 alikuwa na miaka 20 na sekondari ameshaimaliza. Lakini kukosea mwaka si ushahidi wa wizi. Spielberg ameeleza mara nyingi kwamba E.T. ilitokana na rafiki wa kufikirika aliyejitungia baada ya wazazi wake kutengana, na muswada wenyewe uliandikwa na Melissa Mathison. Jambo la ajabu ni kwamba mradi huo nao ulianzia Columbia. Columbia wakaukataa, Universal wakaokota dodo.

Ray hakufungua kesi. Angeanzaje, na jalada la muswada wake lina jina la mtu mwingine? Alipewa Oscar ya heshima mwaka 1992 akiwa kitandani hospitalini, akafariki dunia Aprili 23 mwaka huohuo. The Alien haikupigwa hata picha moja.

Wageni wengine

Baada ya hapo wageni waliokwama walikuwa wengi. Mwaka 1984 John Sayles alitoa The Brother from Another Planet, ambamo mgeni ni mtu mweusi asiyeweza kusema, mtumwa aliyetoroka sayari yake na kuangukia New York. Joe Morton aliicheza bila kutamka neno. Iligharimu kama dola 350,000 tu. Mwaka 2009 District 9 iliwaweka viumbe wa anga kwenye mabanda ya Johannesburg, wakisubiri kuhamishwa kwa nguvu. Mkazi wa Morogoro aliyeishi jirani na Mazimbu, ambako vijana waliokimbia ubaguzi wa rangi Afrika Kusini walisoma mpaka mwaka 1992, hahitaji mhadhara juu ya filamu hiyo.

India yenyewe ilirudi kwenye wazo la Ray mwaka 2003 kwa Koi... Mil Gaya, iliyoongozwa na Rakesh Roshan, baba wa mwigizaji Hrithik. Mgeni anaitwa Jadoo, ana rangi ya bluu na anapata nguvu kutoka kwenye jua. Chombo chake kinaondoka kwa haraka na kumsahau. Walioijua The Alien walitikisa kichwa: wazo limezunguka Marekani na kurudi nyumbani likiwa na viza. Miaka 11 baadaye ikafuata PK, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyomkaribia Ray zaidi, kwa kuwa ilirudisha lile hekalu na yule mjanja wa sadaka.

Na sisi je?

Watanzania tumekuwa watazamaji wa India tangu enzi za Raj Kapoor na Awara ya mwaka 1951, wakati miji ya reli ya kati ilikuwa na majumba yake ya sinema na familia zikivaa vizuri kwenda kutazama. Televisheni ilipoingia Bara mwaka 1994, kanda za video zilikuwa zimeshaanza kuyaua majumba hayo. Mahali pake pakachukuliwa na vibanda umiza na sauti za watafsiri. Kapteni Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuzungumza juu ya filamu za kigeni kwa Kiswahili, na kwa Wakenya DJ Afro amefanya kazi hiyohiyo. Tuwape heshima yao. Mgeni wa anga akipita mikononi mwa mtafsiri hodari anakuwa mtu wa mtaani kwetu kabla dakika kumi hazijaisha.

Lakini kutafsiri ni kumkaribisha mgeni wa mwenzio. Wa kwetu yuko wapi? Bongo muvi ilijaribu mapema: Shumileta ya Mussa Banzi ilimleta jini wa kike akaishi kati ya binadamu, na watu wakainunua. Kenya, Wanuri Kahiu alitoa Pumzi mwaka 2009, dakika 20 hivi za sayansi ya kubuni kuhusu dunia iliyoishiwa maji, na ikafika tamasha la Sundance. Tangu hapo tumerudi kwenye mapenzi ya sebuleni, nyumba ya kupanga na simu iliyokutwa na meseji.

Sababu inayotolewa kila mara ni fedha. Siikubali yote. Bwawa la Mangalpur halikuhitaji fedha nyingi kuandikwa. Lilihitaji mtu aliyekijua kijiji. Uluguru ina mapango, ukungu, vijiji vilivyobanwa kwenye miteremko, minara ya mawasiliano juu ya Bondwa, na simulizi za asiye binadamu zenye umri mkubwa kuliko mji wenyewe. Tangu treni ya mwendokasi ianze safari Juni 2024, kikundi cha kupigia picha kinatoka Dar es Salaam asubuhi na kufika hapa kabla ya saa nne. Wanachopiga wakifika ni video ya muziki kwenye maporomoko ya maji, halafu wanarudi na treni ya jioni.

Upande wa pili wa somo la Ray tunaupuuza vilevile. Waigizaji na waandishi wetu bado wanapeana kazi kwa maneno. Muswada unatumwa kwa WhatsApp kwa "bosi" mwenye kamera, filamu inatoka, na jina la mwandishi halipo. Sheria ya hakimiliki ipo tangu mwaka 1999 na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo kwa ajili hiyo, lakini mwandishi chipukizi wa Kihonda au Mzumbe anakwenda kusajili kazi yake baada ya kuibiwa. Yaliyompata bingwa wa Calcutta mwenye tuzo za Ulaya yanaweza kumpata yeyote asiye na karatasi.

Simulizi ya Kolelo ni ya wenyewe huko milimani, na anayetaka kuitumia apande kwanza kuomba ruhusa kwa wazee. Akishaipata akae aandike, asajili, asaini mkataba, na baada ya hapo ndipo amtafute mwenye kamera. Asipofanya yeye, atafanya mwingine wa mbali, na sisi tutasubiri Msamvu nakala iliyotafsiriwa.